Wasomaji Wanauliza: Manga na Anime za Japani, Komiki na Katuni za Marekani

Barua za safari hii zinazunguka jambo moja, michoro ya Wajapani na ya Wamarekani. Ili tusipishane maneno, manga ni hadithi ya michoro ya Kijapani iliyochapwa, na anime ni ile inayotembea kwenye skrini. Kwa upande wa Marekani tutaita kitabu komiki, na cha skrini tutakiita katuni.

SWALI: Wenzangu wanasema manga ni komiki ile ile, ila macho yamekuzwa. Ni kweli?

JIBU: Hapana, na macho yenyewe yanapotosha. Osamu Tezuka, aliyeyafanya macho makubwa yawe mazoea ya manga, aliathiriwa sana na katuni za Walt Disney. Kwa hiyo anayeitambua manga kwa macho anaitambua kwa kitu chenye asili ya Marekani. Ukitaka tofauti ya kweli, soma majina ya waliofanya kazi.

Komiki ya kampuni kubwa ya Marekani itakupa msururu wa watu: mwandishi, mchoraji wa penseli, mtia wino, mtia rangi, mwandika herufi, mhariri. Kila mmoja ana zamu yake, na wote pamoja hutoa kurasa 20 hadi 22 kwa mwezi. Manga ya jarida la kila wiki hubeba jina moja, pengine mawili, na mwenye jina hilo hutoa kurasa zipatazo 19 kila wiki. Wasaidizi wapo, wanachora majengo, wanajaza weusi, wanabandika vivuli. Lakini maneno, mpangilio wa ukurasa na nyuso za wahusika ni vya mwenyewe. Ndiyo maana manga ya juzuu ya kwanza na ya ishirini husikika kwa sauti ile ile, ilhali shujaa wa komiki anaweza kubadilika sura katikati ya mwaka kwa kuwa mchoraji amehamia kitabu kingine.

La pili ni umiliki. Mwaka 1938 Jerry Siegel na Joe Shuster waliuza hadithi ya kwanza ya Superman kwa dola 130, pamoja na haki zake. Tangu hapo mhusika ni mali ya kampuni, na waandishi wanapokezana kumwandika. Hazeeki na hadithi yake haiishi. Japani hakimiliki kwa kawaida hubaki kwa mchoraji, kwa hiyo hadithi ina mlango wa kuingilia na wa kutokea. Dragon Ball ya Akira Toriyama ilianza 1984, ikaisha 1995, juzuu 42, basi. Marekani nayo ina wanaomiliki kazi zao, hasa tangu wachoraji saba walipojitenga na kuanzisha Image Comics mwaka 1992, lakini mashujaa wenye majina makubwa bado ni wa kampuni.

La tatu liko ndani ya ukurasa. Chukua ngumi moja. Kwenye komiki itapewa kisanduku kimoja: mkono umenyooka, adui anarushwa nyuma, mistari inaifuata ngumi kama mkia, neno kubwa la kishindo limekaa pembeni na kiputo cha maneno juu. Kwenye manga kisanduku cha kwanza ni kisigino kinachozunguka vumbini. Cha pili, jicho la adui linapanuka. Cha tatu ni kimya, vidole vinakunjwa. Unafunua, na ngumi imejaa kurasa mbili zinazotazamana, mandhari yote yamegeuka mistari na mpigaji peke yake ndiye anayeonekana wazi, kana kwamba unakimbia sambamba naye. Sekunde moja imekula kurasa tatu. Mwenye kurasa 19 kila wiki anaweza kuzitoa hizo. Mwenye 22 kwa mwezi lazima abane.

SWALI: Nilifungua juzuu ya manga nikakutana na ukurasa wa mwisho. Imekosewa kiwandani?

JIBU: Iko sawa. Shika kitabu jalada likikutazama na mgongo wake ukiwa upande wako wa kulia. Anzia kisanduku cha juu kulia, nenda kushoto, kisha shuka mstari unaofuata. Viputo ndani ya kisanduku vinafuata njia hiyo hiyo. Wengi hupotea pale kisanduku kirefu kinaposimama kulia na viwili vikapandana kushoto kwake. Soma kile kirefu kwanza, halafu cha juu kushoto, halafu cha chini. Ukisita, tazama vichochoro vyeupe kati ya visanduku: kilicho chembamba kinatenganisha visanduku vya mstari mmoja, kilicho kipana kinatenganisha mstari na mstari.

Kwenye simu au kompyuta, programu ya kusomea ina mpangilio wa kulia kwenda kushoto, uwashe. Dalili ya kuusahau ni mchoro wa kurasa mbili unaotokea umekatwa, nusu ya kulia imekaa kushoto.

Tafsiri nyingi za zamani ziligeuzwa kama kwenye kioo ili zisomwe kutoka kushoto. Mnamo 2002 kampuni ya Tokyopop ilianza kuuza Marekani manga zisizogeuzwa kama jambo la kujivunia, na wengine wakafuata. Tunashukuru, kwa sababu kugeuza kuliharibu zaidi ya mwelekeo. Mpiga upanga wa mkono wa kulia aligeuka wa kushoto, maandishi ya ukutani yalisomeka kinyume, na kimono, ambayo upande wake wa kushoto hulala juu ya wa kulia, ilionekana imefungwa kinyume, namna anavyovikwa maiti.

SWALI: Kwa nini manga haina rangi?

JIBU: Muda na karatasi. Majarida ya manga ni mazito, yana mamia ya kurasa, yanachapwa kwenye karatasi ya bei nafuu iliyotokana na makaratasi ya zamani, na msomaji wake hulisoma akaliacha. Rangi huwekwa kwenye kurasa chache za mbele. Badala ya rangi kuna karatasi za vivuli vyenye nukta, ambazo zamani zilikatwa kwa wembe na kubandikwa, siku hizi huwekwa kwa kompyuta. Manga ya Akira ilipotolewa Marekani kuanzia 1988 ilitiwa rangi na Steve Oliff ili iuzike kwa wazoefu wa komiki. Kazi yake ni nzuri sana, ila weusi na weupe wa Katsuhiro Otomo, mwenye manga hiyo, haukuwa na pengo la kuzibwa.

SWALI: Katika anime watu husimama kama sanamu, mdomo tu unacheza. Katuni za Disney zinatiririka. Wajapani hawajui kuchora mwendo?

JIBU: Wanajua. Wanachagua wapi watumie michoro yao.

Filamu huonyesha fremu 24 kwa sekunde. Ukichora mchoro mpya kwa kila fremu unahitaji michoro 24. Ukishikilia kila mchoro kwa fremu mbili, 12. Kwa tatu, 8. Filamu za zamani za Disney zilichezea kati ya 24 na 12. Anime ya televisheni mara nyingi hukaa kwenye 8. Mzizi wake unajulikana hadi tarehe: Januari 1, 1963, studio ya Tezuka ilipoanza kurusha anime ya televisheni Tetsuwan Atomu (Astro Boy), nusu saa kila wiki, kwa fedha kidogo na watu wachache. Hata Marekani studio ya Hanna-Barbera walikuwa wakibana hivyo hivyo kwa ajili ya televisheni. The Flintstones ya 1960 ni mfano. Ila Wajapani waliuchukua ubanaji huo wakaufanya lugha.

Piga hesabu. Dakika 20 kwa michoro 8 kila sekunde ni michoro 9,600. Kipindi cha kawaida cha anime huwa na 3,000 hadi 5,000. Upungufu unazibwa kwa mbinu: mhusika anatulia huku mandhari yakivutwa nyuma yake, kamera inapanda taratibu juu ya mchoro mmoja, mdomo unapewa maumbo matatu tu, wazi, nusu na umefungwa, na tukio la kujigeuza shujaa linatumika tena kila wiki. Michoro iliyookolewa kwenye mazungumzo hupelekwa kwenye pambano la dakika mbili, na humo kila kidole kinacheza.

Unaweza kujionea. Fungua video kwenye VLC, programu ya kuchezea video kwenye kompyuta, isimamishe, kisha bonyeza herufi E. Kila mbonyezo ni fremu moja. Hesabu mibonyezo hadi mchoro ubadilike. Ukipata tatu, mhusika anachorwa mara 8 kwa sekunde. Hesabu ikiruka ovyo, huenda video ilibadilishwa kuwa fremu 30 na baadhi zimerudiwa. Na kama unatazama kwenye televisheni ya kisasa, ingia kwenye mipangilio ya picha uzime ile inayolainisha mwendo. Inatunga fremu za uongo kati ya michoro, na ngumi iliyokusudiwa kupiga kwa ghafla inaelea kama iko majini.

Michoro michache si umaskini kila mara. Spider-Man: Into the Spider-Verse, filamu ya Marekani ya 2018 iliyotengenezwa kwa kompyuta, ilimpa shujaa wake kijana, Miles Morales, pozi 12 kwa sekunde katika sehemu ambazo bado anajifunza, huku mwalimu wake akienda kwa 24 kando yake. Unauona uanagenzi wake hata kama hujui kwa nini.

SWALI: Nitazame anime kwa Kijapani chenye tafsiri chini, au iliyoingizwa sauti ya lugha nyingine? Na kwa nini katuni za Marekani zikitafsiriwa midomo hugoma?

JIBU: Tuanze na midomo. Marekani sauti hurekodiwa kwanza, kisha mchoraji anausikiliza mkanda na kuchora mdomo kwa kila sauti: midomo imefungwa kwa M, B na P, meno juu ya mdomo wa chini kwa F na V, mviringo kwa O. Ukiweka lugha nyingine juu yake, P inaangukia kwenye mdomo ulio wazi. Japani kwa kawaida picha hutangulia na waigizaji huja kusema juu yake, na mdomo wa maumbo matatu haumnyimi mtu sauti. Kwa hiyo anime huvaa lugha yoyote kwa urahisi. Filamu ya Akira ya 1988 ilikwenda kinyume: mazungumzo yake mengi yalirekodiwa kabla ya kuchorwa, ndiyo maana midomo yake ni hai kuliko ya anime nyingine za wakati wake.

Kuhusu kutazama: kama hadithi ni ya mazungumzo na utulivu, chagua Kijapani usome, kwani waigizaji wa sauti wa huko wana shule zao na heshima yao. Kama ni ya mapambano ya kasi, sauti ya lugha unayoielewa ni bora, maana jicho lililo kwenye maandishi halioni ile michoro iliyowekewa akiba tangu mwanzo wa kipindi.

SWALI: Avatar: The Last Airbender ni anime?

JIBU: Ni katuni ya Marekani, ya mwaka 2005 hadi 2008, iliyojifunza kwa anime. Wasiokubali husema ilichorwa Korea Kusini, lakini hiyo haithibitishi kitu. The Simpsons nayo huchorwa huko, na Transformers ya 1984 ilichorwa kwa sehemu kubwa na Toei ya Japani. Angalia aliyeandika, aliyepanga picha na sauti ilirekodiwa lini. Kwa vigezo vyote hivyo, Avatar ni ya Marekani.

SWALI: Nataka kuanza kusoma Batman lakini kuna maelfu ya matoleo. Nianzie namba 1?

JIBU: Namba 1 haina maana ya mwanzo. Kampuni huanza kuhesabu upya ili kuvuta wasomaji. Septemba 2011 DC, kampuni yenye Batman, ilirudisha vitabu 52 kwenye namba 1 kwa mpigo. Tafuta badala yake kitabu kilichokusanya matoleo manne hadi sita ya hadithi moja. Ukurasa wa ndani, penye maandishi madogo ya hakimiliki, hutaja namba zilizokusanywa. Zikifuatana na mwandishi akiwa mmoja, chukua. Zikiwa zimerukaruka kutoka vitabu vitatu tofauti, hiyo ni hadithi iliyosambazwa kwa mashujaa wengi na utakosa vipande. Kwa Batman, Batman: Year One ya Frank Miller na David Mazzucchelli inatosha: matoleo ya 404 hadi 407 ya mwaka 1987, manne tu, na huhitaji kujua lolote kabla yake.

SWALI: Natazama Naruto na hadithi imepotea njia kabisa. Niruke?

JIBU: Ruka bila wasiwasi. Kipindi kimoja cha anime humeza sura mbili hivi za manga, na manga hutoa sura moja kwa wiki. Anime ikifuata kwa karibu, inaifikia manga, kisha studio inatunga vya kujazia huku ikingoja. Katika Naruto ya kwanza, kuanzia kipindi cha 136 karibu hadi cha mwisho, cha 220, ni vya kujazia. Studio nyingine huchagua kutunga mwisho wake: Fullmetal Alchemist ya 2003 iliachana na manga iliyokuwa haijaisha, na mwaka 2009 ikatengenezwa nyingine inayoifuata hadi tamati. Siku hizi wengi hutengeneza msimu wa vipindi 12 au 13, wanapumzika, wanarudi manga ikishasonga. Kungoja kunachosha, lakini hadithi haichakachuliwi.

SWALI: Mwanangu ana miaka 9. Zote si za watoto?

JIBU: Maneno shōnen, shōjo, seinen na josei yanataja jarida limelenga nani: wavulana, wasichana, wanaume, wanawake. Si cheti cha usalama; shōnen inaweza kuwa na damu tele. Dhana kwamba michoro ni ya watoto iliimarika sana Marekani baada ya 1954, wachapishaji walipojiwekea kanuni kali za kujichuja. Kanuni hizo zilikufa rasmi mwaka 2011. Angalia alama ya umri kwenye jalada au mwanzo wa kipindi, halafu tazama mwenyewe vipindi viwili kabla yake.

SWALI: Nataka kuchora hadithi yangu kwa Kiswahili kwa mtindo wa manga. Nahitaji karatasi gani, na ninakosea wapi? Kurasa zangu zikipunguzwa zinakuwa tope.

JIBU: Mchoraji wa manga wa Kijapani hutumia karatasi ya B4, milimita 257 kwa 364. Ndani yake kuna fremu ya milimita 180 kwa 270, ambamo maneno yote na nyuso zote muhimu hukaa. Ukingo wa kukatia ni 220 kwa 310. Mchoro unaotaka ufike ukingoni uvushe milimita 5 nje ya hapo, la sivyo kisu kikiyumba utabaki utepe mweupe. Mmarekani huchora kwa ukubwa zaidi: ubao wa inchi 11 kwa 17, eneo la mchoro inchi 10 kwa 15, kisha hupunguzwa hadi karibu theluthi mbili. Kwenye kompyuta, B4 kwa nukta 600 kwa inchi ni pikseli 6071 kwa 8598. Kwa weusi na weupe usishuke chini ya 600. Kazi ya rangi hutosheka na 300 hadi 400.

Tope lako lina sababu mbili. Ya kwanza ni vivuli vya nukta. Nukta za mistari 60 kwa inchi, ukurasa ukipunguzwa hadi asilimia 82, zinakuwa mistari 73, na ukiendelea kupunguza wino unaziunganisha. Anza na nukta kubwa. Ya pili ni programu: unapopunguza ukurasa uliokwisha kuwekwa vivuli, kompyuta inageuza kingo za nukta kuwa kijivu, na kijivu hicho kinatoa mawimbi ya ajabu kama kitambaa kilicholoa. Punguza kwanza michoro ya mistari, weka vivuli mwishoni kwa ukubwa wa kuchapisha, na uhifadhi kwa nyeusi na nyeupe tupu, bila kijivu.

Sasa lugha, ambapo wengi wanaoiga manga hujikwaa. Kijapani huandikwa kutoka juu kwenda chini, kwa hiyo viputo vyake ni virefu na vyembamba. Kiswahili kinalala, na maneno yake ni marefu. Jaribu kulitia "hawakutuambia" ndani ya kiputo chembamba: utalikata mara mbili, au utapunguza herufi hadi zisisomeke. Chora viputo vipana kama vya Marekani, na uandike maneno kwanza, duara baadaye. Wamarekani wana kanuni ya zamani ya kutozidisha maneno 35 kwa kisanduku. Kwa Kiswahili tungeshuka hadi 20, kwa kuwa neno letu moja hubeba sentensi nzima. Na soma kutoka kushoto. Mjapani hachori kutoka kulia kwa mapambo, anafuata maandishi yake. Nawe fuata yako.

Panga hadithi nzima kwa rasimu ndogo za penseli kabla ya kugusa karatasi nzuri. Wajapani huziita nēmu, na mhariri husoma hizo akakataa au kukubali. Katika rasimu, hakikisha jambo la kushtua linaangukia ukurasa unaofunuliwa, si ule unaoonekana tayari pembeni. Acha milimita 3 kati ya visanduku vya mstari mmoja na 7 kati ya mistari, na jicho la msomaji litaongozwa bila mshale.

Kwa wino, nibu (ncha ya kalamu ya kuchovya) inayoitwa G hupanuka ukikandamiza, ni nzuri kwa watu. Nibu ya duara hutoa mstari mwembamba wa nywele na majengo. Nibu mpya huja na mafuta ya kuzuia kutu, na ndiyo sababu wino hukatika au kudondoka tone zima mara ya kwanza. Ifute kwa karatasi laini iliyoloa maji kidogo, ikaushe, uchovye hadi nusu tu. Vuta mstari kuja kwako na uzungushe karatasi, usizungushe mkono. Kisha ngoja. Weusi uliojazwa kwa wingi huonekana umekauka kabla haujakauka, na raba ikipita mapema inauburuta juu ya uso uliochukua saa nzima kuuchora.